Gari la mgeni, umeme wa mwenyeji

Ukarimu una adabu zake, na wazee wetu walitufundisha nyingi miongoni mwazo. Mgeni hupokewa mzigo, huonyeshwa kibla, hupewa maji ya udhu na mkeka safi, kisha ndipo huulizwa habari za safari. Zama hizi imeongezeka adabu moja ambayo wazee hawakuihitaji. Mgeni akishashuka, na pengine kabla hata ya kunywa maji, huuliza ni wapi atakapochomeka chaja yake. Na wapo wageni ambao hawaishii kuchomeka simu. Huchomeka nyumba nzima, kwa maana wamekuja nayo ikiwa na magurudumu chini yake.

Sisi wakazi wa Kawajense, hapa Mpanda, hatuyashangai tena magari ya namna hiyo. Wakati wa kiangazi hupita watalii waelekeao Sitalike na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, magari yao yakiwa na hema juu ya paa na jokofu nyuma ya kiti. Tangu barabara ya Tabora kupitia Sikonge ilipowekwa lami, wamekuja pia ndugu zetu wenyewe kwa namna yao: Coaster ya zamani iliyoondolewa viti, ikatiwa vitanda viwili, jiko la gesi, jokofu dogo na pipa la maji. Watu huliita gari la kulala. Familia yenye watoto wengi hupata humo nafuu kubwa, kwa kuwa haimlazimishi mwenyeji kuhama chumba chake, wala haihesabu gharama za nyumba ya wageni.

Lakini gari hilo likishaegeshwa uani, mmoja hutoa waya dirishani na mwingine hutafuta tundu la kuuchomeka. Jambo hilo hufanywa kwa dakika moja, katikati ya vicheko na kuulizana hali, na hakuna anayelitazama mara ya pili. Tunaandika haya ili familia zilitazame mara hiyo ya pili.

Kwanza tufahamu tofauti iliyopo baina ya nyumba na gari. Nyumba imeota ardhini, ilhali gari limesimama juu ya mpira, na mpira haupitishi umeme. Mtu anaweza kudhani kuwa hiyo ni salama, na kwa gari lisilounganishwa na umeme wa nyumba ni kweli. Hali hubadilika pale tunapoliingizia volti 230 kutoka ukutani. Waya wa laivu ukichubuka mahali fulani ukagusa bodi, bodi yote ya gari, mlango wake, ngazi yake na hata bomba lake la maji, huwa na umeme uleule ulio katika waya. Umeme huo hutafuta njia ya kwenda ardhini. Magurudumu yanaukatalia. Iwapo hakuna waya wa ethi wa kuupitisha, utasubiri, na utakayemsubiri ni mtu wa kwanza atakayekanyaga ardhi huku ameshika mlango.

Katika familia ya Kiislamu hatari hiyo ina sura ya pekee, na hatujaisikia ikisemwa. Sisi hutawadha. Mara tano kwa siku watu hunawa mikono, hupaka kichwa maji, huosha miguu, kisha huondoka na unyevu huo wakiwa peku au wamevaa kandambili zilizolowa. Panapokuwa na gari la mgeni uani, birika la udhu huwekwa karibu na ngazi ya gari, kwa kuwa hapo ndipo lilipo pipa la maji. Mwili mkavu huukinza umeme kwa kiasi fulani. Mwili uliolowa huufungulia mlango. Ukinzani wa mwili uliolowa unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya volti 230 kwa omu 1,000, utapata miliampia 230. Mkondo wa miliampia 30 tu unatosha kuanza kuhatarisha pumzi na moyo wa mtu.

Kiangazi cha mwaka juzi mjomba wetu wa Tabora, dereva mstaafu, alikuja na Coaster yake pamoja na mkewe na wajukuu wanne, kwa ajili ya akika nyumbani kwetu. Waya wake ulikuwa mzuri, mnene, wenye nyuzi tatu. Ulichomekwa katika soketi ya barazani, ambayo tuliikuta imeshafungwa tulipoinunua nyumba hiyo. Taa za gari ziliwaka, jokofu likaunguruma, na watu wakaketi kunywa chai.

Ilikuwa imekaribia Magharibi. Mjukuu mmoja, binti wa miaka sita, alikwenda kuchukua mtandio wake ndani ya gari, akarudi akiwa ameukunja mkono wake kifuani.

"Bibi, gari linang'ata," alisema.

Watoto wenzake walicheka. Mke wa mjomba alikuwa ameinuka tayari, birika mkononi, akielekea kwenye pipa lililo ubavuni mwa gari. Mjomba hakucheka. Alisimama akapaza sauti ambayo hatukuwahi kumsikia akiitumia nyumbani kwa watu.

"Mama, simama hapohapo! Asiliguse mtu gari. Zimeni meni switchi ya nyumba."

Kaka yetu mkubwa alikimbia ndani akazima. Plagi ikachomolewa, na watu wakatawadha upande wa pili wa nyumba kwa maji ya ndoo. Usiku ule familia ya mjomba ilitumia taa za gari zinazowashwa na betri ya volti 12, na jokofu likanyamaza. Mtoto alikuwa mzima, alhamdulillah. Alikuwa amevaa ndala za mpira na ardhi ilikuwa kavu. Umeme uliompitia ulikuwa mdogo wa kumshtua. Aliyekuwa akimfuata alikuwa bibi yake, peku, na maji mkononi.

Asubuhi tulimwita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ambayo hutoa leseni kwa mafundi wa kufunga umeme majumbani nchini. Alipima kwa mita yake, akafungua soketi, akaingia chini ya vitanda vya gari. Alipata mambo mawili. La kwanza lilikuwa ndani ya gari. Waya wa chaja ya betri ulipita juu ya ukingo wa chuma bila mpira wa kuukinga, na mtikisiko wa safari ulikuwa umeukwangua hadi shaba ikaonekana. La pili lilikuwa ndani ya nyumba. Soketi ya barazani ilikuwa na matundu matatu, lakini nyuma yake zilifika nyaya mbili tu. Tundu la ethi lilikuwa pambo. Yeyote aliyeifunga aliona kuwa taa inawaka kwa nyaya mbili, akaridhika.

Mjomba alisema, "Mwanangu, kwangu Tabora halijawahi kutupiga hata siku moja."

"Mzee," fundi alimjibu kwa upole, "huenda ukiwa kwako waya ulikuwa haujachubuka. Lakini hata ungechubuka, kwako ingekata. Hapa hapakuwa na cha kuikata."

Jibu hilo lina elimu nyingi ndani yake, nasi tungependa kulifafanua, kwa sababu nyumba nyingi hudhani zinalindwa na kitu ambacho hakikuwekwa kwa kazi hiyo. Sakiti breka tunazoziona kwenye boksi la umeme huulinda waya usichomeke. Breka ya ampia 16 husubiri hadi mkondo uzidi ampia 16 ndipo ikate. Mtu aliyenaswa kwa miliampia 230 anavuta chini ya robo ya ampia moja. Breka hiyo haitamtambua. Kwake yeye ni kama taa ndogo imewashwa.

Kifaa kinachomlinda mtu ni kingine, na mafundi hukiita RCCB. Kina kitufe kidogo kilichoandikwa herufi T au neno la kujaribia. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa laivu na unaorudi kwa nyutro. Viwili hivyo hupaswa kuwa sawa. Vikitofautiana, maana yake ni kwamba umeme fulani unapita pengine, yamkini katika mwili wa mtu. Kile kilichokusudiwa kulinda uhai wa binadamu huwa cha miliampia 30, na hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Fundi alituambia tubonyeze kitufe hicho kila mwezi. Kikikata, ni kizima. Kikikaa kimya, kibadilishwe, na kabla ya hapo gari lisichomekwe.

Je, ethi peke yake haitoshi? Hapa nchi yetu kavu ina la kusema. Fimbo ya ethi huupeleka umeme katika udongo, na udongo hupitisha umeme vizuri ukiwa na unyevu. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, Mpanda hupata mvua chache au haipati kabisa, na udongo wa juu hugeuka vumbi. Chukua mfano wa fimbo yenye ukinzani wa omu 50. Waya wa laivu ukigusa bodi, mkondo utakaokwenda ardhini ni volti 230 kugawanya kwa 50, yaani ampia 4.6. Breka ya ampia 16 haitakata. Bodi itabaki na umeme huku kila mtu akijiambia kwamba nyumba ina ethi. Kwa sababu hiyo viwili hivi huenda pamoja: ethi huupa umeme njia, na RCCB huona kwamba umeme umeshika njia hiyo, ikakata. Na fimbo huzamishwa kina cha kutosha kufikia udongo usiokauka, kisha hupimwa kiangazi, wakati ambapo hali yake ni mbaya kuliko nyakati zote.

Fundi alivuta waya mpya wa nyuzi tatu, wa milimita mraba 2.5, kutoka boksi la umeme hadi barazani, akaufungia breka yake na RCCB yake. Akaweka soketi yenye kifuniko cha kuzuia mvua, mahali palipo juu kuliko kimo cha watoto wadogo. Ndani ya gari alibadilisha waya uliochubuka, akaupitisha katika bomba laini la plastiki, na kila ulipopita kwenye tundu la chuma akauvisha mpira. Kisha alimketisha mjomba, akampa utaratibu wa kuunga, nao tangu siku hiyo ndio utaratibu wa nyumba yetu kwa kila gari linalokuja.

Kabla ya yote, vifaa vyote ndani ya gari huzimwa pamoja na meni switchi ya gari. Soketi ya nyumba nayo huwa imezimwa. Waya hukunjuliwa wote hadi mwisho wake, kwa kuwa waya uliobaki umeviringwa hujipasha joto wenyewe na unaweza kuyeyusha ganda lake. Hukaguliwa kwa macho na kwa mkono, urefu wake wote, kutafuta mpasuko au kiungo kilichofungwa kwa gundi ya karatasi. Ncha ya gari huchomekwa kwanza, ya nyumba mwisho. Sababu yake ni nyepesi: ukianza na nyumba, utatembea uani umeshika ncha ambayo imekwisha kupata umeme. Kisha soketi huwashwa, kitufe cha RCCB hujaribiwa, bodi ya gari hupimwa kwa testa, na baada ya hapo vifaa huwashwa kimoja kimoja. Wakati wa kuondoka mambo hugeuzwa: vifaa huzimwa, soketi huzimwa, ncha ya nyumba huchomolewa kwanza, ya gari mwisho.

Njia ya waya nayo ni sehemu ya usalama. Usipite mlangoni, wala kwenye kichochoro cha jirani ambako bodaboda zitaukanyaga kutwa nzima, wala mahali mbuzi wanapofungwa. Kiungo cha waya na waya kisilale chini kwenye umande. Ni bora kuwa na waya mmoja mrefu kuliko vipande vitatu vilivyoungwa.

Kuna pia suala la kiasi. Plagi yetu ya pini tatu bapa ina fyuzi isiyozidi ampia 13, ambayo kwa volti 230 ni wati 2,990. Birika la umeme la wati 2,000 huchukua ampia 8.7. Pasi ya wati 1,200 huchukua 5.2. Viwili hivyo pamoja vimekwisha kupita kikomo, na jokofu bado halijahesabiwa. Basi mwenye kupiga pasi kanzu ya Ijumaa amsubiri mwenye kuchemsha chai. Fyuzi ikikatika isibadilishwe kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara. Fyuzi hiyo imefanya kazi yake, na inamwambia mtu jambo.

Gari lililotoka nje ya nchi liulizwe asili yake. La Oman au Uingereza aghalabu lina plagi kama yetu na volti zinazokaribiana na zetu. La bara la Ulaya huja na plagi ya buluu ya mviringo yenye pini tatu, ya ampia 16, nayo huhitaji waya wa kuigeuzia uliotengenezwa kwa kazi hiyo, si nyaya zilizosokotwa kwa mkono. La Marekani hutumia volti 120 na herzi 60. Hilo lisichomekwe kabisa katika umeme wetu bila transfoma iliyopimwa na mjuzi.

Tusemeje kuhusu jenereta? Mpanda tumeishi nayo muda mrefu. Kwa miaka mingi mji wetu haukuwa katika Gridi ya Taifa, na TANESCO ilituwashia taa kwa mitambo ya dizeli, kabla ya kujengwa laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Mazoea ya kukatikiwa yaliingiza jenereta ndogo katika nyumba nyingi, na pamoja nazo likaingia balaa moja: waya wenye plagi dume pande zote mbili, unaochomekwa kwenye jenereta na kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Ncha moja ikichomoka, pini zake ziko wazi na zina umeme. Zaidi ya hayo, umeme huo hutoka kupitia mita hadi barabarani, na transfoma ya mtaa huupandisha hadi maelfu ya volti. Fundi wa laini aliyepanda nguzo akijua kuwa umeme umekatwa atakutana nao huko juu. Ni mtoto wa watu, naye amepanda kutuhudumia. Jenereta iunganishwe kwa swichi ya kubadilishia, au vifaa vichomekwe katika jenereta yenyewe. Nayo ikae mbali na gari na hema, upepo ukiupeleka moshi upande wasikolala watu, kwa sababu moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, ambayo huua watu waliolala bila kuwaamsha.

Liko na la haki pia. Umeme wetu ni wa LUKU, na kila uniti imelipiwa. Nyumba iliyo katika kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, inaweza kuvushwa kikomo hicho na jokofu na kiyoyozi cha mgeni wa wiki mbili. Mwenyeji ataona haya kusema. Mgeni na aseme yeye kwanza, anunue uniti, wala isiwe siri wala deni. Na wote wawili wajiepushe na kuligusa lisilo lao: mita na waya wa nguzoni ni vya TANESCO, na hitilafu yake huripotiwa huko.

Ikitokea, Allah atuepushe, mtu amenaswa, asishikwe. Umeme uzimwe kwanza. Kama haiwezekani kuuzima upesi, asukumwe kwa mti mkavu au kiti cha plastiki na mtu aliyesimama juu ya kitu kikavu, kisha apelekwe hospitali hata kama amesimama mwenyewe na kusema kuwa ni mzima, kwa maana moyo unaweza kuvurugika baadaye.

Mtume (SAW) aliwafundisha Waislamu wazime taa na moto majumbani mwao kabla ya kulala. Taa za siku zile zilikuwa za utambi na mafuta, lakini mafundisho yalihusu kuilinda familia iliyofumba macho. Kuilinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu, na haihitaji vita wala tauni ili jambo hilo liwe wajibu wetu. Huweza kuwa wajibu kwa sababu ya waya wa milimita chache uliopita dirishani.

Basi tunapendekeza kwamba mwenye gari la kulala auandike utaratibu wa kuunga na kuchomoa katika karatasi, aubandike pembeni mwa soketi ya gari, na kazi hiyo ifanywe na mtu mmoja anayejulikana, isiachiwe kijana yeyote aliye karibu. Na mwenyeji, siku anapopigiwa simu kuwa ndugu wako njiani na gari lao, pamoja na kununua mchele na kufua mashuka, abonyeze kile kitufe cha RCCB. Na kama nyumba yake haina kitufe hicho, amwambie mgeni mapema, bila haya, kwamba karibu sana, ila gari litatumia betri yake mpaka fundi apite.